Mvua ya Baba Mdogo

Udongo mkavu ukimwagiwa maji asubuhi ya kipupwe hutoa harufu yake peke yake. Si ile ya mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, inayowatoa watoto nje wakicheka. Hii ni nzito, ya baridi, ina vumbi ndani yake, na kwangu mimi ni harufu ya hofu. Mpaka leo, bibi kizee mwenye vitukuu, nikipita kando ya bustani inayomwagiliwa alfajiri hugeuka nyuma kuona kama kuna aliyeniona. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha, Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na kwetu Ihanda, katika nchi ya Wanyiha, nilikuwa nachota maji kwa siri kuyaokoa maharage ya baba yangu mdogo. Au tuseme kumwokoa yeye, maana maharage yenyewe hayakuwa na shida na mtu.

Baba mdogo Yotamu alizaliwa tumbo moja na baba. Alikwenda vitani Burma akiwa kijana wa kelele, aliyejulikana kwa kucheka kabla hajamaliza kisa chake mwenyewe, akarudi mtu wa sauti ndogo, kama aliyezoea kukaa chumba kimoja na mgonjwa. Watu wazima walimkwepa kwa heshima. Mimi nilimpenda bila heshima yoyote, kwa sababu alinisimulia hali ya hewa ya dunia. Nilikuwa nadhani mwezi wa kumi na mbili ni wa mvua kila mahali, kama vile Jumapili ilivyo Jumapili kila mahali. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kwa Waingereza mwezi huo maji hugeuka jiwe na bustani zao nyingi hulala. Na kwamba kule Burma mwezi wa nne jua huwaka mpaka bunduki haishikiki, kisha mwezi wa tano mbingu hufunguka na hazifungiki tena hadi mtu asahau rangi ya nguo yake. Alipofika hapo kwenye mvua ya mwezi wa tano alikuwa anakiacha kisa, akiangalia mikono yake, nami nilijifunza kusubiri.

Mwaka ninaousema, mvua zetu zilikatika mwishoni mwa mwezi wa nne. Mahindi yakaanza kukaukia shambani, majani yakilia upepo ukipita, na kila mtu alijua kwamba hakuna tone jingine hadi mwezi wa kumi na moja. Katikati ya mwezi wa tano yakaja yale mawingu mepesi ya baridi ambayo huku kwetu hayaleti chochote isipokuwa mafua. Baba mdogo alitoka nje ya kibanda chake kilichokuwa chini ya uwanja, karibu na migomba, akayatazama mawingu yale muda mrefu, akachukua jembe. Hadi jioni alikuwa amepiga matuta manne yaliyonyooka kama ya jeshini. Akapanda kuja jikoni kwa bibi, mama yao, aliyekuwa mtunza mbegu wa nyumba nzima. Mbegu za maharage bibi alizichanganya na majivu na kuzifunga ndani ya vibuyu viwili vilivyoning'inia juu ya moshi. Yotamu akaomba za kupanda, akisema mvua imekaribia. Bibi akamtolea za kibuyu kimoja. Alimpa kwa sababu ni mwanawe, na kwa sababu aliogopa kumkatalia. Sijui ipi ilikuwa kubwa zaidi.

Baba hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema maana atakayemsikia hapa anaweza kumchukia, nami sitaki achukiwe. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye neno moja, na kwa wiki kadhaa alikuwa akivumilia minong'ono ya watu kwamba mdogo wake ameharibikiwa akili. Alipoona matuta yale, alikataza mtu yeyote wa nyumba yake kuyakanyaga wala kuyagusa, na yeye mwenyewe akaapa kutoteremka kule. Siku ile ile nilikuwa nyuma ya kihenge cha mahindi, nachambua mboga, nikamsikia akizungumza na ndugu wawili wa ukoo. Alisema tukishamaliza kuvuna, lori la shamba la kahawa la Mzungu litashuka Mbeya na mizigo. Kama maharage yale yatakuwa yamekufia ardhini, basi hiyo ndiyo itakuwa dalili tosha, na Yotamu atafungwa kamba na kupandishwa lori, apelekwe hospitali ya wenye wazimu. Hospitali hiyo ilikuwa mbali, safari ya siku nyingi, na katika vijiji vyetu hakuna aliyemjua mtu aliyepelekwa huko akarudi. Mmoja wa wale ndugu akauliza kamba itatoka wapi. Baba akajibu kwamba atanunua mpya, na sauti yake ilikatika kidogo pale kwenye neno mpya.

Mama alikuwa amejifungua karibuni, kwa hiyo kuchota maji ilikuwa kazi yangu. Hapo ndipo nilipopata akili yangu ya kitoto. Kama maharage yakiota, hakuna lori. Kesho yake niliondoka mapema kuliko kawaida, kukiwa kumepambazuka kidogo tu, nyasi zimejaa umande unaouma miguu. Nilishuka kijitoni na kibuyu changu, nikapanda kwa njia ya migombani, nikamwaga kwenye tuta la kwanza, nikarudi. Mara sita kila asubuhi, kisha mara ya saba kwa ajili ya nyumbani. Nilijifunza kumwaga polepole, kwa mkono, ili maji yasichimbe shimo. Nilijifunza kupita mlangoni kwa baba mdogo bila kukohoa. Vidole vya miguu vilipasuka kwa baridi nikawa navipaka mafuta ya nyonyo, na mama alipouliza nilisema ni mawe ya kijitoni. Siku ya tisa au ya kumi nilikuta udongo umepasuka na vichwa vya maharage vimeinama chini yake, vyeupe, vinasukuma. Nilichuchumaa pale nikalia, nikaona nimeshamshinda baba na lori lake.

Kitu ambacho sikuwa nimekifikiria ni kwamba baba mdogo naye alikuwa anaamka. Kila asubuhi alitoka nje, akakuta udongo wake umelowa. Mtu mzima mwenye akili zake angetafuta nyayo. Yeye hakutafuta, kwa sababu kilichokuwa mbele yake ndicho alichokuwa anakisubiri. Jumapili moja, baada ya ibada, watu wakiwa bado wanasalimiana nje, alimshukuru Mungu kwa sauti kwa mvua ya usiku. Mtu mmoja alijaribu kumwambia kwa upole kwamba kwake hakujanyesha. Baba mdogo akamjibu, naye kwa upole, kwamba ndivyo ilivyo mvua ya namna hiyo, inapita kwa mistari, mwenzako analowa na wewe uko mkavu. Akina mama wakawavuta watoto wao. Baba aliangalia chini, na mimi niliyekuwa nimemshika mkono nilihisi vidole vyake vikinibana mpaka vikaniumiza. Nilielewa palepale kwamba mimi ndiye niliyeileta mvua ile. Nilikuwa namwagilia maharage na wazimu kwa kibuyu kimoja.

Siku zilizofuata sikuwa na raha hata kidogo. Nikiacha kumwagilia, maharage yatakufa na lori litamchukua. Nikiendelea, ataendelea kuwatangazia watu mvua isiyokuwepo na lori litamchukua vilevile. Nilitaka kumwambia bibi, nikaogopa. Nilitaka kuomba, nikaona aibu kumweleza Mungu jambo ambalo alikuwa ananiona nikilifanya. Nikaendelea kuchota tu, kama anayekimbia kwa sababu hajui pa kusimama. Kisha, mwishoni mwa mwezi wa sita, mahindi yakiwa karibu yote yamekwisha kuingia kihengeni, nilipanda kutoka kijitoni nikamkuta baba mdogo ameketi mwisho wa tuta, tayari amevaa, jembe kando yake, na mapajani amekipakata kibuyu cha pili cha bibi. Alikuwa amekitungua mwenyewe jikoni. Alinisalimia kwa furaha, akaniambia mvua sasa imetulia vizuri na leo atapanda shamba lote la chini. Hizo ndizo zilikuwa mbegu zote zilizobaki. Zikiingia kwenye udongo ule mkavu, mwezi wa kumi na moja tusingekuwa na cha kupanda, na hilo hata mtoto wa miaka tisa alilijua.

Nilisogea mbele yake nikainamisha kibuyu changu juu ya tuta, nikamwaga maji yote huku ananitazama. Yakatiririka, yakafika kwenye vidole vyake vya miguu.

"Si mvua, baba," nilimwambia. "Ni mimi."

Alitazama maji, akatazama miguu yangu iliyopasuka. Aliuliza tangu lini, nikamwambia tangu alipopanda. Aliuliza huu ni mwezi gani, nikamwambia ni wa sita, unakwisha. Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayejaribu kama mkono wake uliovunjika umeshaunga. Nilisubiri anipige. Nilitamani anipige.

"Basi inanyesha kule," alisema. "Inawanyeshea wenzangu. Tuliwazika kwenye tope, Tamali, na kila siku tope lilikuwa linafunguka."

Kisha akalia, mtu mzima, bila kujificha uso, na mimi nikalia naye kwa sababu sikujua jambo jingine la kumfanyia. Alipomaliza alinyanyuka, akakirudisha kibuyu cha mbegu jikoni kwa mikono miwili na kukikabidhi kwa bibi mwenyewe. Bibi alikipokea, akakitundika tena juu ya moshi.

Siku ya tatu yake lori lilikuwa limepakiwa. Asubuhi hiyo baba alitoka na wale ndugu wawili, kamba mpya imekunjwa begani kwa mmoja wao, wakashika njia ya kibandani kwa Yotamu. Mimi nilikuwa njiani napanda na kibuyu, na nyuma yangu alikuwa yeye mwenyewe, amebeba mzega, fito ndefu begani na debe la maji linaning'inia kila upande, jinsi alivyowaona watu wa Burma wakibeba. Kwetu mwanamume hakuchota maji. Wale ndugu wakatazamana, na yule mwenye kamba akaanza kuikunjua. Nikasimama. Baba mdogo akapita kando yangu, akasimama mbele ya kaka yake bila kushusha mzigo.

Baba alimwuliza anapeleka wapi maji. Akajibu kwamba anapeleka kwenye maharage, kwani mvua zimekwisha tangu mwezi wa nne na mtoto huyu amechoka. Alisema hivyo tu, kwa sauti ile ndogo. Baba aliyatazama madebe yale, kisha akatazama miguu yangu iliyopasuka.

"Ikunjeni hiyo kamba," baba aliwaambia wale ndugu. "Mtu anayechota maji anajua kwamba hainyeshi."

Akateremka hadi kwenye matuta, yeye aliyeapa, akapokea debe moja na kuanza kumwagilia, vibaya, maji yakichimba mashimo kila mahali. Lori tulilisikia likiunguruma mlimani kuelekea Mbeya, na hakuna aliyegeuka kulitazama. Maharage yenyewe yaliumwa na baridi, majani yakawa ya manjano pembeni, tukapata kiasi cha kula mara chache na kurudisha kidogo kwenye kibuyu cha bibi.

Ningependa kusema kwamba baba mdogo alipona, lakini sipendi uongo. Alioa, akalima kahawa, akazeeka katika kibanda kilichogeuka nyumba ya matofali. Lakini kila mwaka, mawingu ya mwezi wa tano yakija, alinitafuta popote nilipokuwa, hata nilipokwisha kuolewa upande wa Tunduma, aniulize sasa inanyesha wapi. Nami nilimjibu kwamba inanyesha kule, baba, hapa bado. Alishukuru na kurudi nyumbani kwake. Hakuwahi tena kupanda nje ya wakati, na hakuna aliyewahi kujua kwamba alikuwa ananiuliza.

Siku hizi bustani za kiangazi zimejaa mabondeni kote, watu wana mashine za kuvuta maji na mipira mirefu, na nyanya za mwezi wa saba zinauzwa Tunduma mpakani bila mtu kushangaa. Mvua nayo imepoteza adabu. Inachelewa, inawahi, inakuja mara mbili na kutuachia mbegu zilizooza, na vijana wanaikagua kwenye simu kana kwamba simu ndiyo inayonyesha. Hakuna anayetishiwa kamba kwa kukosea mwezi, maana tunakosea wote. Mwaka juzi ilinyesha mwezi wa sita, mvua kubwa, mchana kweupe, mahindi yakiwa yameanikwa uani. Wajukuu walikimbia kuyaokoa. Mimi nilitoka nikasimama katikati ya uwanja, nikalowa mpaka kitambaa cha kichwani, namtafuta baba mdogo nimwambie kwamba safari hii si mimi.