Upande wa Mafundo

Mwalimu wa ushonaji alituambia tudarizi kile tunachokiona tukisimama mlangoni kwetu. Nilinuna. Sindano sikuipenda, na mlangoni kwetu, shambani kwa mzungu karibu na Cheptiret, hapakuwa na jipya: josho la ng'ombe upande wa kushoto, ukingo wa saipresi upande wa kulia, kisha ngano mpaka macho yachoke.

Mama aliposikia habari hiyo aliacha kuchambua maharagwe. Chini ya saipresi ya mwisho alilazwa ndugu yangu mdogo, aliyekufa kwa surua kabla hajaanza kutembea. Alama yake ilikuwa jiwe tu. Na shamba lilikuwa limeshauzwa. Wanunuzi walishaleta wapima ardhi na minyororo yao, na sisi watu wa kazi, tuliotoka magharibi kufuata kibarua, tuliambiwa tuondoke mavuno yakiisha. Baba alishapata chumba mjini, mtaa wa Huruma. Mama hakulilia kazi wala nyumba. Alisema, "Watalima juu yake na hakuna atakayejua. Mshone na yeye."

Basi nikamshona. Kitambaa kilikuwa gunia la unga lililofuliwa mpaka maandishi yakafutika. Nilichora kwa penseli kwenye karatasi, nikailaza kifudifudi juu ya kitambaa, nikaisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka mchoro ukashika. Wiki tatu nilishonea shuleni bila kuinua kichwa, mimi ambaye uvivu wangu ulijulikana darasa zima. Mwalimu hakuitazama hata ngano yangu. Aligeuza nyuma, akaona nyuzi zimerukaruka ovyo, akanipa alama za kunitia aibu. Fundo moja kubwa la kijivu, pale kwenye jiwe, aliniagiza nilikate.

Nilipokileta nyumbani, vitu vyetu vilikuwa vimeshafungwa. Mama alipitisha kidole polepole, kikasimama.

"Umemlaza upande wa josho," alisema. "Mimi sikumzika huko."

Ndipo nilipoona. Karatasi niliyoilaza kifudifudi ilikuwa imegeuza kila kitu, kulia kukawa kushoto. Nililia kwa hasira, maana lori lilikuwa linakuja kesho na muda wa kufumua haukuwepo. Mama hakunigombeza. Alikigeuza kitambaa, akazifuata zile nyuzi mbaya mpaka kwenye fundo la kijivu, mkono wa kulia.

"Yuko hapa," akasema.

Huruma alikitandika mezani vivyo hivyo, mafundo juu. Majirani walimtania, "Mama, leo umetandika kinyume." Alicheka nao, akamimina chai, na kikombe hakikuwekwa pembe ile yenye fundo la kijivu. Mimi niliona haya kwa miaka mingi, nasema ukweli.

Baadaye nilirudi kule mara moja. Saipresi zimeng'olewa, josho limefukiwa, ni mahindi na nyua za watu wasio na kosa. Nilisimama barabarani nisijue nitazame wapi.

Kitambaa sasa ni changu, na nakitandika kama alivyokitandika. Lile fundo niliambiwa nilikate. Sikulikata, kwa uvivu tu.