Mstari wa Bluu na Mstari Mwekundu

Nyuma ya mlango wa chumba cha Mama Mizani kulikuwa na kipande cha kadibodi kirefu kuliko yeye mwenyewe. Juu yake alichora mistari miwili: wa bluu ulikuwa karatasi na kadibodi zilizoingizwa nchini mwake kila mwaka, mwekundu zile za nchi jirani alikoolewa mdogo wake. Yeye alipima marobota ya karatasi kwenye ghala la forodha. Mdogo wake alikuwa karani wa forodha ng'ambo ya mpaka. Miaka kumi na tisa nyuma waliwekeana sharti kwa utani: ambaye nchi yake imeingiza tani chache zaidi, ndiye afunge safari kumtembelea mwenzake.

Mdogo mtu alishindwa mara zote kumi na tisa. Kila Januari alishuka kwenye basi ameshika magoti, akilalamika kwamba nchi ya dada yake inakula karatasi kama mbuzi. Alisimulia weee kuhusu nyumba yake yenye ngazi za kijani, Mama Mizani akacheka tu, kichwa juu. Mshindi haendi kwa mtu.

Sasa Mama Mizani alikuwa anastaafu, na alitaka kuondoka na ishirini kamili. Siku ya mwisho alizunguka ghala zima kuaga. Kazi yake ilikuwa mlango wa mbele. Wa nyuma hakuwahi kuwa na shughuli nao. Huko akakuta makuli wanapakia marobota kwenye malori yenye namba za ng'ambo, na kila robota lina alama ya chaki aliyoichora mwenyewe asubuhi ile.

Akamuuliza mlinzi yanakwenda wapi. Yanapita njia tu, mama, akajibiwa, siku zote yanapita. Kumbe yalihesabiwa mara mbili: kwake yakiingia, kwa mdogo wake yakifika.

Akaomba daftari la mlango wa nyuma, akakaa juu ya robota, akatoa tani hizo kwenye hesabu yake, mwaka mmoja baada ya mwingine. Mstari wa bluu ukaporomoka. Miaka minane ya mwanzo alishinda kihalali. Baada ya hapo mwekundu ukaupita moja kwa moja, hadi mwaka huu. Angeweza kulifunga daftari akanyamaza. Lakini yakamjia yale magoti.

Akapiga simu.

"Mdogo wangu, umekaa?"

"Nimekaa. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Umenishinda. Tena mara kumi na mbili."

Mama Mizani akaeleza yote, mlango wa nyuma, chaki, malori, sauti ikizidi kuwa ndogo.

"Kwa hiyo safari kumi na moja," mdogo mtu akasema polepole, "nimeteseka bure?"

"Bure kabisa."

Kicheko kilichofuata kilimfanya atoe simu sikioni. "Basi njoo ulipe, dada. Zote, kwa mfululizo. Si umestaafu wewe?"

Wiki iliyofuata, afisa wa ng'ambo alitaka kujua Mama Mizani amebeba nini kilichokunjwa mara nne. Kadibodi, akasema, kipande kimoja.

"Iandike kwenu, mwanangu. Hii haipiti njia, inabaki."

Nyuma ya afisa, mdogo mtu alikuwa amekaa kwenye benchi, magoti yamepumzika, uso wote meno.