Choo Cheusi Si Makaa ya Mursik

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mwili hunisisimka. Nilikuwa kijana wa kuchuma majani chai huku Kericho. Mgongo uliniuma, basi kila siku nilimeza tembe za dukani kabla sijatia chochote tumboni. Ujana, kwani una masikio?

Wiki hiyo choo changu kilianza kutoka na ute mwingi, kisha kikawa cheusi, kinang'aa na kunata kama lami. Nikajiambia ni makaa tu, maana mursik, maziwa yetu ya mgando, hukaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa. Nikanyamaza. Mambo ya choo nani huyatangaza?

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeifunika chai yote. Nyuma yangu nikasikia pumzi. Nikisimama, inasimama, nikienda, inakuja. Kugeuka, ni mbwa wetu, pua karibu na suruali yangu, ananitazama kama hanijui. Nilimfukuza, akarudi kimya. Siku ya tatu hiyo alikuwa akinifuata hivyo, na sikufichi, niliogopa.

Nyanya yangu, Kogo, alikuwa mistari miwili kando na kikapu chake.

"Hiyo mbwa inakufuata juu ya nini?" akauliza. "Choo yako iko namna gani?"

Nikamwambia ni nyeusi, ni mursik tu.

"Sisi wote tunakunywa kwa kibuyu moja, na yetu si nyeusi. Makaa haina harufu. Hiyo mbwa inasikia damu."

Nilitaka kucheka. Miguu ikaisha nguvu, nikaanguka katikati ya chai, na cha mwisho nilichosikia ni mbwa akipumua karibu na sikio langu.

Hospitalini niliongezwa damu. Daktari alisema zile tembe zilinichimba kidonda tumboni, kikawa kinavuja ndani kwa ndani. Ningengoja siku moja zaidi, Kogo angenizika.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mwanangu, tazama choo chako kabla hujaondoka. Ute kidogo si kitu, matumbo hujilainisha. Ukiwa mwingi na hauishi, nenda ukapimwe. Ukiona damu, au choo cheusi cha kunata, nenda siku hiyo hiyo. Na ukiulizwa, sema ukweli, hata anayeuliza awe mama mkwe.

Mungu akupe tumbo tulivu, na akupe mtu wa kukuuliza swali la aibu kabla hujaanguka.