Herufi Iliyojificha Katika Orodha ya Wazee

Namshukuru Mwenyezi Mungu, anayemjua kila mmoja wetu kwa jina lake asimchanganye na mwingine, maana kazi hiyo mimi nilijaribu kuifanya Jumapili moja tu na nikaivuruga mbele ya kanisa zima. Aibu yake imeshapoa, ndugu zangu, ndiyo maana naweza kuiandika, ingawa hata leo nikipita sokoni wapo wanaoniamkia, "Shikamoo, marehemu," nami naitikia marahaba, kwa sababu hiyo ni haki yao.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, ambapo kila kitu kilikuwa kinaingia Morogoro kwa pamoja, mitumba, televisheni, maji ya chupa (tuliwacheka sana walionunua maji na mlima unatuteremshia ya bure), na parokia yetu hapa chini ya mlima ikapata kompyuta kutoka kwa marafiki wa ng'ambo. Sista Konsolata, karani wetu, akaingiza humo orodha ya Umoja wa Wazee, ambao mimi nilikuwa katibu wake. Nilikuwa katekista mstaafu, na kwetu katekista huitwa Mwalimu mpaka anaingia kaburini. Orodha ilikuwa na safu nne: namba, jina, mwaka wa kuzaliwa, na ya mwisho iliyoandikwa HALI. Safu hiyo ya HALI ilikuwa na herufi moja tu kwa kila mtu, H kwa aliye hai na M kwa marehemu. Kila Novemba Sista alinichapia karatasi, nami nikawasoma kanisani wale wenye M ili waombewe.

Hapa lazima niwaeleze wasio wa kwetu. Sisi Waluguru hatuachi jina la mtu lipotee. Mjomba akifariki, mpwa wake hupewa jina lile, na anakuwa yeye. Kwa hiyo kwenye orodha ile Kaspari Banzi walikuwa wawili, mmoja amelala makaburini miaka mingi na mwingine analima njegere na anakula kama watu watatu. Na Dominiki Mloka nao walikuwa wawili, marehemu mjomba wangu, na mimi.

Basi Ijumaa moja ya Novemba akaja fundi kutoka mjini kuweka programu mpya. "Mzee wangu, ni ile ile," akaniambia, "ila imeboreshwa." Sista alikuwa anakwenda mafungo mpaka Jumatatu, na akiwa mlangoni na begi lake akanionya: "Mwalimu, ukikwama usibonyezebonyeze. Daftari la zamani liko kabatini, ufunguo unao."

Ufunguo nilikuwa nao kweli. Lakini wiki ile wazee wenzangu walikuwa wamenitania kwamba mimi kompyuta naifuta vumbi tu, nami nikajibu kwa majivuno (Mungu anisamehe) kwamba naiendesha kama baiskeli. Kwa hiyo Jumamosi nikafungua ofisi peke yangu, nikaiwasha, nikaipata orodha, na tazama, safu zilikuwa mbili tu! Namba na jina. Mwaka wa kuzaliwa haupo, HALI haipo, H haipo, M haipo.

Mtu mwenye akili angefungua kabati. Mimi nikakaa pale nikafikiri, na fikra zenyewe zilikuwa nzuri sana, ndilo tatizo lake. Nikasema, mashine imeboreshwa. Zamani ilikuwa jinga, inaleta walio hai na waliokufa, mtu unachambua mwenyewe kama mchele. Sasa imepata akili, inajua ni Novemba, imeniletea marehemu peke yao. Nikapitisha kidole juu ya majina, na kila jina nililoligusa nilimkumbuka marehemu wake! Nikachapa. Karatasi ikatoka, nikaikunja, nikaiweka ndani ya misale, kitabu changu cha misa, kama mtu aliyefaulu mtihani.

Jumapili, misa ya kwanza, kanisa limejaa mpaka mlangoni, na pale mlangoni wamekaa wanawake wa mlimani waliokuwa wameteremka na vikapu vya kabichi na karoti. Nikapanda mimbarini, nikasafisha koo, nikaanza kuwasoma polepole kwa heshima. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila mzee aliyesikia jina lake alidhani anaombewa mjomba wake, na wengine wakafanya ishara ya msalaba. Nikamsoma Kaspari Banzi. Baada ya majina machache nikamsoma Kaspari Banzi tena, nikajiambia mashine imerudia, si neno, sala haizidi. Nikaona wanawake wa mlangoni wanashikana mikono, wanajitwisha vikapu, wanatoka. Nikafikiri wanawahi soko.

Nikaendelea mpaka nikamfikia Hildegarda. Jina hilo alipewa na masista wa zamani, na hapakuwa na Hildegarda mwingine, hai wala marehemu, toka Turiani hadi hapa. Alikuwa amekaa benchi la kwanza. Akasimama kwa fimbo yake.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti, "mimi nimekufa lini? Na mbona sikualikwa?"

Ndugu zangu, kanisa lilianguka kwa kicheko. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Kumbe na mimi nimekufa! Basi leo silipi mchango," na mwingine akamjibu, "Wewe ulikufa zamani, ila hukuambiwa." Padre Anselmi, paroko wetu kijana, alijificha uso kwa kitabu cha sala na mabega yakitikisika. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, lakini sakafu ile tuliijenga wenyewe kwa saruji nzuri.

Kicheko kikakatika pale mke wa Kaspari aliponifuata mbio kwenye ngazi. "Mwalimu, wale wanawake ni wa kijijini kwa mama mkwe. Wamesikia Kaspari amekufa, wamekwenda kumwambia!"

Bibi Felista, mama yake Kaspari, alikuwa na umri wa kuhesabiwa kwa vitukuu, moyo wake ulikuwa dhaifu, na kati ya watoto saba aliozaa, Kaspari ndiye pekee aliyebaki. Simu ya kufika kule juu haikuwepo.

"Kaspari mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Aliondoka jana na misumari, hakuniambia anakwenda kwa nani."

Nikamtazama Padre. Alikuwa hacheki tena. "Mwalimu," akasema, "aliyetangaza ndiye akanushe."

Nikaupanda mlima. Umri wangu ulikuwa umeshapita sabini, viatu vyangu vilikuwa vya kanisani, na wale wanawake wa Uluguru hata wakiwa na vikapu hawashikiki, wanapanda kama moshi. Nikavuka kijito, nikateleza, nikaloa mpaka kiunoni. Rozari ilikuwa mkononi, na kila fumbo nilimwambia Mungu neno moja tu: mtunze mama yule, aibu nitaibeba mimi. Njiani wakulima wakaniuliza, "Mwalimu, mbio hizo, kuna msiba?" Nikawapungia rozari, nikazidi kupanda.

Nilipoikaribia nyumba nikasikia kilio. Uani wanawake wamekaa kwenye mkeka, wanaomboleza kwa sauti kubwa, na Bibi Felista amekaa katikati yao kwenye kigoda, ametulia, anamenya maharage.

Nikapiga magoti mbele yake. "Shikamoo mama. Mama yangu, nisamehe. Kaspari..."

"Marahaba. Kaspari yuko juu," akasema.

Nikainamisha kichwa. Nikawaza, imani gani hii, mwanawe wa mwisho, na tayari ameshamkabidhi mbinguni! Machozi yakanitoka. "Mama, kumbe umeshapokea..."

"Yuko juu ya paa, wewe! Inua macho."

Nikainua macho. Kaspari Banzi alikuwa amekaa juu ya bati na nyundo mkononi na misumari mitatu mdomoni, akinitazama kwa huruma. Akaitoa misumari. "Pole sana, Mwalimu," akasema.

"Pole ya nini? Na hawa wanamlilia nani?"

"Wanakulilia wewe," akajibu Bibi Felista. "Walifika hapa wakimlilia Kaspari, nikawaambia Kaspari kaka yangu amekufa nyie hamjazaliwa, na Kaspari mwanangu huyo hapo ananipigia kelele tangu alfajiri. Lakini nikawauliza, huyo Mwalimu amemsoma nani mwingine? Wakasema, amemsoma Dominiki Mloka, mara mbili, hata kabla ya Kaspari. Nikahesabu. Mmoja mjomba wake. Wa pili nani?"

Nilikuwa nimejisoma mwenyewe, ndugu zangu! Kwa sauti yangu, kwa heshima zote, na sikujisikia.

Na ukoo wa wanawake wale ni watani wa ukoo wangu, na kwetu mtani ndiye mwenye msiba, hulia na kumfanyia marehemu mzaha papo hapo. Mmoja akajilaza mkekani kama maiti, akatoa kidole kimoja cha mguu, akabonyezabonyeza hewani kana kwamba ni kompyuta, na kusema kwa sauti yangu hasa, "Naiendesha kama baiskeli!" (Majivuno yangu yalikuwa yamefika mlimani kabla yangu.) Wengine wakaupa ule mwili pole. Walikataa kunifufua mpaka niahidi jogoo, nami nikaahidi wawili, mmoja wa kunifufua na mmoja wa kumwomba Bibi radhi. Bibi aliponiletea kikombe cha uji wa moto na kusema, "Kunywa, marehemu, utapata baridi," nilicheka mpaka mbavu zikauma, na nadhani sikuwahi kumshukuru Mungu kwa dhati kama siku ile.

Jumatatu Sista Konsolata alirudi, akasikia habari zote hata kabla ya kuweka begi chini. Hakunigombeza. Akanikalisha mbele ya kompyuta, akanishikisha kile kidude wanachokiita mausi. "Hazikupotea, Mwalimu. Programu mpya imezificha tu. Nenda pale juu kwenye neno JINA, bonyeza kitufe cha kulia. Unaona orodha ya safu? Weka alama ya vema kwenye hizo mbili."

Nikaweka alama ya kwanza, miaka ya kuzaliwa ikarudi. Nikaweka ya pili, na HALI ikajitokeza mwishoni na herufi zake zote, kana kwamba haikuwahi kuondoka. Nikashuka kwa kidole mpaka kwa akina Mloka. Dominiki Mloka, M. Dominiki Mloka, H.

Niliitazama ile H kwa muda mrefu. Sista akauliza kama kuna tatizo lingine. Nikamwambia hapana, nasoma.

Tangu hapo nimeweka nadhiri kwamba sitasoma jina la mtu hadharani kabla ya kumuuliza aliye karibu, na mashine ikinyamaza nitafungua kabati. Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akuwekee H mbele ya jina lako kwa miaka mingi, na siku herufi hiyo ikibadilika, akupe mtu wa kukusoma mara moja tu, kwa upendo, na asikukosee.