Gego na Kigego

Nilipokuwa mtoto, mgeni akibisha hodi nyumbani kwetu Mtongwe, nyanya alinitupia jicho nami nikafumba mdomo. Kuamkia niliruhusiwa. Kucheka, la. Wakati wa haya ninayoyasimulia nilikuwa na umri wa miaka tisa au kumi, na meno yaliyonitia doa yalikuwa yameng'oka zamani, mengine yameota mahali pake kama ya watoto wote. Hilo halikunisaidia. Kosa langu lilikuwa la uchangani: meno yangu ya kwanza yalitokea juu kabla ya chini.

Mtoto wa namna hiyo kwetu pwani huitwa kigego. Wazee waliamini kwamba huja na nuksi, na kwamba nuksi yake haiendi mbali, humshukia aliye karibu naye. Nyanya alinieleza mambo haya bila ukali wowote, akichagua mchele, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba ana pumu na asikimbie sana. "Zamani hawakulelewa hao," alisema siku moja, kisha akaendelea kupepeta. Sikumwuliza walifanywa nini. Mwaka ule meno yangu yalipotokea, wazazi wangu waliachana. Baba akawa utingo wa malori yaendayo Malaba, mama akaolewa Ukunda na mume ambaye hakutaka kuniona mlangoni pake. Watu hawakuhitaji ushahidi mwingine.

Aliyenilea hasa ni Shangazi Mishi, dada mdogo wa baba, aliyeachika mapema na kurudi kukaa na mama yake. Alikuwa akikaanga viazi karai na bajia mbele ya nyumba, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Yeye ndiye mtu pekee niliyemjua ambaye hakuogopa mdomo wangu. Alinifundisha kupiga mswaki kwa kuniingiza kidole chake kinywani na kuyasugua meno moja moja, huku akisema, "Meno kama haya hata mimi nayatamani, wallahi."

Yake yalikuwa mabovu. La nyuma kabisa, upande wa kulia chini, lilikuwa na tundu ambalo alizoea kulijaza karafuu. Mwaka huo lilianza kumuuma kwa namna nyingine. Alikaanga viazi akiwa ameshika shavu, na usiku nilimsikia akizunguka chumbani. Alimeza vidonge vya dukani. Nyanya alimkanda kwa chumvi ya moto, na iliposhindikana akamfukiza. Alitia mbegu za mtunguja juu ya makaa, Shangazi akauvuta ule moshi kwa bua la mpapai, kisha akatema majini. Juu ya maji vikaelea vitu vyeupe vidogo.

"Wawaona?" nyanya aliniambia. "Wadudu hao. Ndio waliokuwa wakimtafuna."

Niliviona, na niliamini. Leo nadhani yalikuwa maganda ya zile mbegu. Lakini ajabu ni kwamba siku iliyofuata maumivu yalikatika ghafla, kama aliyefungiwa mlango nje. Nyanya alimshukuru Mungu, Shangazi akarudi kwenye karai lake. Hatukujua kwamba jino linaweza kuacha kuuma kwa sababu limekufa, na kwamba kilichomo ndani yake hapo ndipo kinapoanza kutafuta pa kutokea.

Uvimbe ulipokuja haukukaa shavuni. Ulishuka chini ya taya, ukaenea shingoni pande zote mbili, ngozi ikakaza ikang'aa. Niligusa mara moja alipokuwa akiniomba maji, na ilikuwa ngumu kama ubao. Mdomo haukufunguka zaidi ya upana wa kijiko. Maji yenyewe hayakushuka, yalirudi yakamwagika kifuani. Sauti yake, ile ya kufika barabarani, ikawa ya mtu anayesema huku ameweka kiazi cha moto kinywani.

Jirani yetu Mama Saumu alikuja kumjulia hali. Alipotoka, nyanya alimsindikiza hadi barazani, nami nilikuwa ndani nyuma ya pazia.

"Dawa haifanyi kazi," nyanya alisema, "kwa sababu kinachomla hakimo mdomoni mwake. Kimo humu nyumbani."

"Nawe wamjua?" Mama Saumu akauliza.

"Namjua tangu alipoota meno."

Sikulia. Nasema hivi kwa sababu watu hudhani mtoto husikia maneno kama hayo akayakataa moyoni. Mimi niliyakubali. Nilikwenda chooni nikayashika meno ya juu kwa vidole viwili nikayatikisa, nikitumaini hata moja litalegea.

Asubuhi nyanya alinipangia nguo zangu katika mfuko wa nailoni. Nilikuwa nipelekwe kwa binamu yake huko bara ya Kwale.

"Ni mpaka shangazi yako apone," alisema bila kuniangalia. "Umesikia?"

"Abee, nyanya."

Niliomba kuaga. Nyanya alisita, kisha akanifungulia mlango akasimama nyuma yangu. Shangazi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, mikono juu ya magoti, shingo ameinyoosha kama anayetaka kuchungulia kitu sakafuni. Alikuwa amekesha hivyo hivyo. Kila nyanya alipomlaza alikabwa na pumzi akainuka. Alikuwa ameweka leso chini ya kidevu, na leso yote ilikuwa imelowa. Mate yalikuwa yakimtoka bila kukoma kwa sababu hakuweza kuyameza. Kila pumzi ilikuwa na mlio mwembamba.

Aliniona. Kisha akauona mfuko.

Akausogeza mkono ukutani, akasimama. Alivaa buibui juu ya gauni la kulalia, akanishika kiganja, na kwa meno yaliyofungana akasema neno ambalo nililielewa kwa shida: "Twende."

"Mishi, waenda wapi hali hii?" nyanya akapiga kelele. "Lala, mwanangu! Homa imekupanda kichwani!"

Shangazi hakugeuka. Alielekeza kidole upande wa kivuko, na upande wa pili wa maji, iliko hospitali kubwa. Tukatoka. Nyanya akajitanda leso akatufuata peku, viatu mkononi, na tuktuk iliposimama akaingia nasi. Dereva, kwa wema wake, alimwambia Shangazi ajinyooshe kitini apumzike. Shangazi akatikisa kichwa kwa nguvu, akainama zaidi mbele, akashika chuma kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa kwangu.

Feri ilikuwa imejaa, kama kawaida ya asubuhi. Watu walitupisha tukapata benchi, kisha wakatazama mate yake wakasogea mbali kidogo. Nyanya alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini. Katikati ya dua alininong'oneza, "Mwachie mkono, mwana. Mwachie, nakusihi."

Hakuwa akinigombeza. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, aliniomba kama mtu anavyomwomba mwenye nguvu kuliko yeye. Nikajaribu kuuchomoa mkono. Shangazi akaubana mpaka vidole vikaniuma. Tulivuka hivyo, yeye akivuta pumzi na mimi nikizisikiliza, nikiogopa kwamba kadiri ninavyomgusa ndivyo ninavyompunguzia.

Hospitalini palikuwa na foleni. Nyanya alimwendea muuguzi wa mapokezi akasema, "Binti yangu ana jino."

"Jino? Kaeni pale, mama, mtaitwa," muuguzi akajibu, huku akimhudumia mwingine.

Nyanya akageuka kutafuta pa kukaa. Shangazi hakugeuka. Alisimama palepale mbele ya meza, akaifungua leso aliyojizungushia usoni, akaiacha ianguke. Muuguzi akainua macho. Niliona uso wake ukibadilika.

"Anaweza kumeza mate?" akauliza.

Nyanya akamgeukia Shangazi amtazame. Alikuwa amemtazama mwanawe siku zote zile, lakini jambo alilokuwa akilitafuta lilikuwa jingine.

"Hawezi," nikasema. "Maji pia hawezi. Na akilala hapumui."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Basi kukawa na mbio. Walikuja watu wawili na kiti cha magurudumu, mmoja akisema, "Asilazwe! Mwacheni akae!" Wakampitisha mlango ambao sisi hatukuruhusiwa kuupita. Hapo tu ndipo aliponiachia mkono.

Tulikaa benchi moja, mimi na nyanya, na mfuko wangu wa nguo kati yetu. Adhuhuri ilikuwa imeshapita daktari wa meno alipotoka, kijana wa bara, kanzu yake ya kazi bado ina madoa. Alimwinamia nyanya kwa adabu.

"Mama, tumempasua chini ya taya, usaha mwingi umetoka. Tumemwekea bomba la kupumulia kwa muda. Angekaa nyumbani mpaka jioni, koo lingejifunga kabisa."

"Na ni nini kilichomfanya hivi?" nyanya akauliza. "Niambie kweli, mwanangu."

"Ni gego, mama."

Nyanya alishika kifua. "Kigego?"

"La, gego," daktari akasema, akagusa shavu lake mwenyewe kumwonyesha. "Jino la nyuma. Limeoza mpaka kwenye mzizi, na sumu yake ikashuka shingoni. Tumeshaling'oa."

Hakujua alichokuwa amesema. Kwake lilikuwa ni jino tu. Nyanya aliitazama sakafu, na midomo yake ikawa inalirudia lile neno, mara lile fupi, mara lile refu. Tuliporudi nyumbani alizitoa nguo zangu mfukoni, akazikunja moja moja, akazirudisha sandukuni. Hakuniomba radhi. Sikutarajia, na sijui kama ningejua la kufanya na radhi yake.

Shangazi alirudi akiwa amekonda, na kovu chini ya kidevu. Ningependa kusema kwamba mambo ya kigego yaliisha hapo. Hayakuisha, yaligeuka. Mama Saumu alitangaza mtaa mzima kwamba mgonjwa alinishika mkono kutoka Mtongwe hadi ng'ambo, na aliponiachia tu akapona. Basi nuksi yangu ilikuwa baraka iliyokuwa haijajulikana. Wakaanza kuja wenye mashavu yaliyovimba, wenye fizi zinazovuja damu, wakitaka niwaguse. Nyanya sasa ndiye aliyeniita niende nikae na wageni. Na mimi, mtoto niliyefichwa siku zote, nilifurahi. Niliwagusa kwa uzito wa mganga mzee.

Siku moja nilirudi kutoka chuoni, kwenye masomo ya Kurani, nikamkuta Mama Saumu barazani, binti yake mdogo kalala mapajani, shavu limevimba hadi jicho limefumba, mwili unawaka moto.

"Njoo, mwanangu, mguse," akaniambia. "Twakungoja tangu asubuhi."

Shangazi alikuwa kwenye karai. Aliweka chini upawa.

"Tangu asubuhi?" akasema. "Mwana anaungua, jicho halifunguki, nawe wamngoja huyu atoke chuoni?"

"Nilidhani mkono wake..."

"Mkono wake haukunitibu! Niliushika kwa sababu nilikuwa naogopa kufa peke yangu."

Alizima moto, akambeba yule mtoto mwenyewe hadi kivukoni, na mtoto alipona, alhamdulillahi. Jioni aliporudi alimkuta nyanya anatia udi chumbani. Sikusahau alivyomwambia, kwa sauti yake mpya ya mikwaruzo.

"Mama, basi. Asiwe nuksi na asiwe dawa. Mwache awe mtoto."

Nyanya alimtii, kwa nje. Alifariki miaka mingi baadaye, na nadhani aliondoka na imani yake nzima, ila tu aliacha kuisema mbele yangu.

Sasa nami ni mtu mzima, naishi Changamwe, nashona nguo. Huwa nawaza zaidi juu ya zile siku mbili barazani kuliko ile ya feri: siku niliyokuwa mkosi, na siku niliyokuwa tiba. Kwa mtoto zilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Kwa mgonjwa zilikuwa kitu kimoja, kwa kuwa mara zote mbili watu walinitazama mimi, na saa zikapita, na jino likaendelea na kazi yake.

Watu niliowasimulia huniuliza kama nilimsamehe nyanya. Sikumbuki kuwa na kinyongo naye. Namwona pale mlangoni, ameshika mfuko wa nailoni, nyuma yake binti yake anavuta pumzi kama mtu anayezama. Moshi ameshafukiza, chumvi ameshakanda, dua ameshasoma, na bado yampasa afanye jambo. Jino hakuweza kulitoa. Mimi aliweza kunitoa.