Kofia Iliyoanguka Mezani

Pikipiki yenyewe sikuwa na ugomvi nayo mwanzoni. Ugomvi wangu ulianza na kofia.

Mume wangu alirudi na pikipiki hiyo kutoka Same jioni moja, baada ya kupata kiinua mgongo chake. Alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge kule chini, na kabla ya trekta aliendesha bodaboda miaka mingi, kwa hiyo alijiona anajua kila kitu chenye magurudumu. Lakini hii haikuwa bodaboda. Ilikuwa pikipiki ya safari ndefu, pana kama ng'ombe mwenye mimba, ina kioo kikubwa cha kukinga upepo, kiti cha watu wawili chenye pa kuegemea mgongo, na masanduku mawili pembeni. Mtumba, ndiyo, lakini watoto wa kijiji chetu, Mhezi, walikuwa wameikimbiza tangu kanisani mpaka uani kwetu.

"Mama watoto," akasema kabla hata hajashuka, "kuanzia leo Ngujini ni jirani."

Hapo alinipata. Mimi ni Mgweno. Niliolewa huku Upare wa kusini nikiwa binti, na mpaka leo mawifi zangu wanakicheka Chasu changu, Kipare cha huku. Mama yangu yuko Ngujini, miguu imemkataa, na kwenda kumwona ni kushuka mlima huu, kupita Same, kushika lami mpaka Mwanga, halafu kupanda mlima mwingine. Kwa magari ya kuunganisha unafika umechoka hata salamu huna. Kwa hiyo niliitaka pikipiki ile. Niliitaka sana.

Akafungua sanduku la kushoto, akatoa kofia ngumu mbili. Yake ilikuwa nzima, inang'aa. Yangu, ya abiria, ilikuwa imekwaruzwa ubavu wote wa kushoto, kuanzia sikioni mpaka kidevuni, rangi imeliwa mpaka plastiki inaonekana.

"Hii imefanya nini?"

"Muuzaji kasema ilianguka kutoka mezani."

"Meza ya lami hiyo?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Niliigeuza, nikavuta sponji ya ndani niifue, na kwenye mshono nikakuta uzi wa rasta, mweusi, mrefu kama mkono wangu, umejisokota. Kumbe ilivaliwa na mwanamke. Mwanamke aliyesuka nywele zake vizuri akakaa palepale nitakapokaa mimi. Nilimwonyesha mume wangu ule uzi. Akasema hata wanaume siku hizi wanasuka, akaingia ndani kula makande yake.

Jumamosi ikawa siku ya kuiosha, na kazi ya kuosha ikaniangukia mimi, maana katika nyumba yetu kila kitu kinachohitaji maji ni changu. Mtu ukimwogesha ndipo unamjua. Upande wa kulia pikipiki ilikuwa imezeeka kihalali: kikanyagio kimelika, kioo cha pembeni kina ukungu, sanduku limepauka kwa jua. Upande wa kushoto kikanyagio kilikuwa kipya. Kioo kipya. Sanduku limepakwa rangi, na chini ya rangi vidole vyangu vilisikia mikwaruzo, imelala yote kuelekea nyuma.

"Baba watoto, kushoto kote ni kupya."

"Si bahati hiyo?"

"Bahati ya nani?"

Akaendelea kupaka grisi cheni yake.

Kisha likaja suala la breki ya mbele. Siku ya kununua, alisema, mkono wa breki ulikuwa mgumu kama jiwe. Baada ya wiki mbili ukawa laini. Ukiubana haraka unashika kidogo. Ukiubana taratibu ukashikilia, unazama, unazama, mpaka unagusa mpini. Na hakuna tone lililodondoka chini. Niliweka gazeti chini ya gurudumu usiku kucha, asubuhi gazeti kavu. Hilo lilinitisha kuliko kama ningekuta dimbwi. Kitu kinachovuja unakiona kinakoelekea.

Tukatoa upepo kwenye breki. Ni kazi ya watu wawili, na kusema kweli ndiyo kazi pekee ya pikipiki ile niliyoipenda. Yeye anakaa kwenye kiti, mkono kwenye breki. Mimi nimechuchumaa kwenye gurudumu na spana ndogo, mpira mwembamba umeingia kwenye chupa ya maji. Mimi ndiye ninayetoa amri. "Bana." Anabana. "Shikilia." Nalegeza nati, mafuta yanatoka na mapovu, meusi kama chai iliyolala. Nakaza. "Achia." Anaachia. "Bana." Mume wangu hajawahi kunitii namna ile tangu tuoane, na nilimwambia hivyo, tukacheka wote wawili.

Mkono wa breki ukawa mgumu. Baada ya wiki mbili ukazama tena.

Tulimpelekea fundi wa Same. Akatikisa kichwa, akasema raba za ndani zimechoka, na za pikipiki ya namna hii hapa hazipo, mpaka ziagizwe Dar. Halafu akanitazama kwa huruma. "Lakini mama, breki ya mbele ya nini huku milimani? Ya mbele inarusha mtu. Waulize vijana wote hapo kijiweni."

Niliwauliza. Wote walisema vilevile: breki ni ya nyuma, ya mbele ni kifo. Mume wangu akaitikia kwa kichwa kama yuko ibadani. "Nimeendesha maisha yangu yote kwa ya nyuma," akasema, "na nipo." Raba hazikuagizwa.

Na alikuwa na tabia nyingine ya bodaboda. Akianza kuteremka, anazima injini, anaweka gia huru, pikipiki inashuka yenyewe kwa uzito wake. Petroli haiendi, anasema. Ile pikipiki ndogo ya zamani ilikuwa inaweza kustahimili hayo. Hii, na masanduku yake, na mimi nyuma, jamani! Nilimwapisha asifanye hivyo nikiwa nimepanda. Aliapa haraka mno.

Asubuhi kaka yangu alipopiga simu kutoka Ngujini kusema mama ameamka hasemi, sikuuliza habari ya breki. Niseme nini? Mama ni mama. Nilifunga kanga mbili, nikatia ndizi kwenye sanduku la kushoto, nikavaa kofia ile. Ilinikaa sawasawa. Kichwa changu na cha yule mwanamke ni kimoja, nikawaza.

Ukungu ulikuwa umekaa barabarani. Tulishuka polepole mpaka kona ya kwanza, ya pili. Halafu mngurumo ukakatika. Nikasikia upepo tu, na mawe madogo yakirushwa na matairi.

"Umezima!"

"Tulia, mama watoto. Mteremko huu."

Nilimpiga bega. Hakugeuka. Tukapita kona nyingine, na nikaanza kusikia harufu, kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Ilikuwa breki ya nyuma. Alikuwa ameikanyaga tangu juu bila kuiachia. Nikamwona anakanyaga tena, kwa mguu mzima, mpaka goti lake likanyooka, na pikipiki haikujali. Ikaongeza mwendo. Akatafuta gia, ikakwaruza, haikuingia. Na mbele yetu, ukungu ulipopasuka, kulikuwa na kona inayopinda kulia, ng'ambo yake hakuna kitu, vilele tu vya migomba ya watu walio chini.

Ndipo vidole vyake vikaenda kwenye breki ya mbele. Sikuhitaji kuona. Nilijua mkono ule unavyozama, nilikuwa nimeutazama ukizama kwa miezi. Nikasikia mgongo wake wote unakakamaa, amebana, ameshikilia, na hakuna kitu.

Sijui akili ilitoka wapi. Nilipiga kelele sikioni kwake: "Achia!"

Akaachia. Kwa mazoea tu, namshukuru Mungu kwa mazoea yale.

"Bana! Achia! Bana! Achia! Bana!"

Na kila akibana, mbele inashika kidogo. Tone la breki, tone jingine. Pikipiki ikaanza kuinamisha kichwa. Haikutosha kusimama, lakini ilitosha tusiifuate ile migomba. Akaigeuzia ukingo wa kushoto, kwenye udongo mwekundu uliochimbwa na mvua kabla ya kona, na tukaanguka wote. Tulianguka kushoto. Ubavu wa kofia ukasugua mawe, na kelele yake ndani ya kichwa siwezi kuisimulia.

Tuliinuka. Yeye alikuwa ameteguka kifundo cha mkono. Mimi nilichubuka kuanzia nyonga mpaka goti, na ndizi zilikuwa zimetapakaa barabara nzima. Tulikaa chini kando ya barabara. Baadaye likapita lori dogo la tangawizi likanichukua, yeye akabaki na pikipiki. Pikipiki ile sikugeuka hata kuitazama, lakini kofia nilikuwa bado nimeivaa, mpaka dereva aliponiambia, "Mama, umeshafika salama, ivue."

Mama nilimkuta Ngujini amekaa kitandani anakunywa uji, anamgombeza kaka yangu kwa kunisumbua. Nilicheka mpaka nikalia.

Wakati wa kurudi nilishuka Same nikaulizia nyumba ya muuzaji. Nilitaka kumrudishia kofia yake usoni. Nilikuwa nimepanga na maneno. Nikapiga hodi, akafungua mwanamke wa rika langu, amesuka rasta nyeusi ndefu, anajikongoja kwa gongo. Mguu wa kushoto ulikuwa umenyooka, haukunjiki.

Nikaishusha ile kofia. Yeye aliitazama kofia mkononi mwangu, akanitazama nilivyosimama nimeegemea upande mmoja.

"Kona ipi?" akaniuliza.

Nikamwambia. Akasema yeye haikuwa hiyo, yake ilikuwa ya kushuka kutoka Ugweno, barabara ya lami. Akanikaribisha, akanipa chai. Mume wake alikuwa kazini. Aliniambia breki ile ilimzamia mume wake vilevile, kwamba kabla ya kuiuza walikaa uani wakaitoa upepo wawili, yeye kwenye kiti na gongo lake, mume kwenye gurudumu. Ikawa ngumu. "Nilitaka kusema siku mumeo alipokuja," akasema. "Nikakatazwa. Nikaambiwa nikisema haitauzika." Alizungusha kikombe. "Nilimchungulia dirishani. Nikajiuliza kama ana mke." Nilitaka kumchukia mwanamke yule. Nilishindwa, nikamaliza chai nikaondoka na kofia yangu.

Miezi ikapita. Pikipiki ilikaa chini ya turubai, na mume wangu akawa mpole kuliko nilivyozoea. Asubuhi moja akaniita, spana mkononi. "Njoo tuitoe upepo."

Nilifurahi. Nilidhani raba zimekuja. Nilichuchumaa palepale, nikasema bana, nikasema shikilia, nikasema achia, na mkono wa breki ukawa mgumu kama jiwe. Nikaenda kunawa. Nilipokuwa nanawa wakaingia uani kijana na mke wake, wametoka Makanya, wamesikia pikipiki inauzwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu."

Kijana akaizunguka, akabana breki, pap, haraka, kama wanaume wanavyobana. "Breki iko vizuri," akasema. Mume wangu akasema ndiyo, imetunzwa. Binti alikuwa na tumbo, la miezi mitano labda. Mume wangu akatoa kofia mbili. Binti akaipokea ile ya abiria, akaigeuza.

"Baba, hii imefanya nini?"

Mume wangu hakunitazama. "Ilianguka kutoka mezani."

Mnajua, nilimngoja. Nilimpa nafasi ya kuvuta pumzi na kusema neno lingine. Hakulisema. Na binti alikuwa ameshaivaa, anacheka, anamwonyesha mume wake ilivyomkaa.

"Mwanangu, ivue," nikasema. "Njoo hapa."

Nilimshika mkono nikauweka kwenye breki. "Bana. Si haraka. Taratibu. Sasa shikilia." Tukasimama wote tukitazama vidole vyake. Safari hii raba zilizochoka hazikungoja hata wiki mbili, mkono ukaanza kuzama. Ukazama mpaka ukagusa mpini, na binti akauachia kama amegusa nyoka. Nikapandisha kanga, nikamwonyesha kovu la goti langu. Habari ya yule wa Same na gongo lake nikamweleza pia.

Kijana alisema watafikiria, watarudi. Mke wake akasema hawarudi.

"Umeniharibia, mwanamke wewe," mume wangu akasema walipokwisha toka.

"Mwenzako wa Same naye alikuwa na mke," nikamjibu. "Alimnyamazisha. Ndiyo maana wewe na mimi tulianguka."

Hakula siku ile. Mimi nilikula chakula changu na chake.

Kofia niliijaza majani makavu nikaiweka bandani, na kuku wangu mwekundu akaipenda, akataga humo, akaanza kulalia. Nikaona hadithi imekwisha. Lakini juzi niliamka nikakuta turubai limefunuliwa, cheni imepakwa grisi, na mume wangu amesimama mlangoni ananiuliza kofia yangu iko wapi. Nilimpeleka bandani. Kuku akavimba akataka kumdonoa.

Akarudi nyuma hatua moja. Halafu akasema haina shida, mnadani Same zimejaa, za mtumba, atanichagulia nyingine.