Mlima Uluguru Hauna Kosa

Leo nimeutetea mlima wetu ofisini, na nimeshinda.

Tangu asubuhi mtandao wa kwenda makao makuu ulikuwa na vituko. Ujumbe mfupi unapita, picha hazifunguki kabisa.

Bosi akasema kama tunavyosema wote hapa Moro mtandao ukisumbua, "Hayo ni mawingu ya mlimani. Tusubiri."

Nikafungua pazia. Uluguru wote unaonekana, hakuna wingu hata moja.

Nikarudi kwenye kompyuta kuchunguza.

Kumbe jana tulianza kuifunga kila pakiti, yaani kila kipande cha data, ndani ya bahasha ya usalama. Njia inapitisha baiti 1500 tu kwa pakiti. Pakiti ndogo inapita hata na bahasha yake. Iliyojaa, kama ya picha, inazidi kipimo, inatupwa kimyakimya.

Nikashusha ukubwa wa pakiti hadi 1400, nafasi ya bahasha ikapatikana. Picha zote zikafunguka.

"Wewe ni hatari," bosi akasema. (Nayaandika hapa asije akakana.)

Nikampigia mama, mzaliwa wa kule juu mlimani. Akasikiliza yote, kisha akauliza, "Kwa hiyo mlima hauna kosa?"

"Hauna kosa, mama."

"Watangazie."

Haya, wana Moro, nani mwingine ameusingizia? Jibuni kwa adabu, mama anasoma.